Hesabu visanduku kabla ya kusema 'ban'

Juzi nilikuwa Dunga nikisubiri ngege wangu akaangwe, gazeti mkononi, najaza fumbo la maneno. Dokezo lilisema: "Jambo lililokatazwa kisheria, herufi nane." Rafiki yangu akachungulia akasema, "Andika ban." Visanduku vinane, yeye ana herufi tatu!

Tulicheka, lakini hebu jiulize: wewe ungejaza nini? Sisi vijana wa mjini kila kizuizi tumekipa jina moja. Uvuvi wa omena ukifungwa, ban. Mama akikukataza kutoka usiku, ban. Ukitolewa kwenye grupu la WhatsApp, ban. Shida si Kiingereza. Shida ni kwamba ukikosa neno, unakosa pia swali la kuuliza.

Jibu lilikuwa MARUFUKU. Hilo ni katazo lenye mwenyewe: kuna aliyelitoa, na kuna sheria anayoitegemea. Basi uliza ni nani na ni sheria ipi. MWIKO ni kitu kingine. Ndio, ni ule wa kusongea ugali, lakini pia ni jambo ambalo jamii imelikataa bila polisi wala faini. Huku kwetu ukiuvunja, wazee watakutajia chira, si korokoro. Hapo swali ni: bado unatufaa?

Halafu kuna KIKOMO, herufi sita, neno ninalolipenda kuliko yote. Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, uvuvi wa omena husimamishwa upande wetu wa ziwa ili samaki wazaliane. Mtaani utasikia "ziwa limefungwa". Si kweli. Ngege na mbuta bado wanavuliwa, mradi mbuta asiwe chini ya sentimita 50. Miezi minne bila omena ni noma kwa msee wa taa na nyavu, na kwa mama anayeanika ufuoni. Wana haki ya kuuliza watakula nini. Lakini angalau wanajua siku ya kurudi majini.

Linganisha na KAFYU. Neno lenyewe lina asili ya Kifaransa cha kale, likimaanisha kufunika moto usiku. Yetu ilianza Machi 27, 2020, ikaongezwa, ikaongezwa tena. Juni 2021, wiki mbili hivi baada ya sherehe za Madaraka kufanyika hapa Kisumu, kaunti za huku ziliambiwa ziwe ndani saa moja jioni, ilhali kwingine ilikuwa saa nne usiku. Iliondolewa Oktoba 20, 2021. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini mwendesha boda na muuza samaki wa jioni walihesabu hasara bila kujua watahesabu hadi lini.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 24, inasema haki yako haiwekewi mipaka ila kwa sheria, tena kwa kiasi kinachofaa tu. Kwa hivyo kila kizuizi kina maswali matatu: nani amekiweka, kwa nini, na hadi lini?

Anayejibu yote matatu, mtii. Asiyejibu, muulize tena, kwa heshima lakini kwa sauti. Na rafiki yako akisema tena "imekuwa ban", mwambie ahesabu visanduku kwanza.