Nyasi za paa: tazameni masuke

Mwaka jana tulinunua mafungu ya nyasi yaliyokatwa vichwa, tukaambiwa ni tsekera. Mvua ya Desemba ikaja, tukalala na masufuria kitandani. Safari hii tunataka kuona masuke kwanza.

Tsekera ya porini, kwenye miombo, hutoa masuke mawili-mawili, kama vidole viwili vilivyopanuliwa. Chini ya kila jozi pana jani dogo jekundu, kama ala ya kisu. Vinywele vyake ni vya kahawia, vitieni mate, vitajinyonga vyenyewe mkononi (watoto wetu hawachoki!). Majani ni membamba, marefu, na kiangazi hugeuka mekundu.

Mkiona suke moja tu, jeupe, laini kama pamba, hiyo siyo. Wenzetu wa Tanzania huiita motomoto, nayo ni fupi.