Sahani ya mbegu iliniumbua: kijana wa kilimo biashara, jifunze kupima na kuchonga kipuri chako

Najua mmenizoea nikiongelea mbolea, viwavijeshi na bei ya gunia. Leo mnivumilie kidogo, nataka tuongelee plastiki, chuma na milimita.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema. Kijana anayelima kwa biashara na kutumia mashine shambani anatakiwa ajue kupima kipuri, akichore, na inapowezekana akichonge mwenyewe. Sisemi kila mtu awe fundi. Nasema tu kwamba ukilima kwa mashine usiyoielewa, ipo siku itakulimia hasara.

Na nasema hivyo kwa sababu hasara hiyo niliwahi kuwasababishia watu.

Kosa langu

Misimu mitatu iliyopita kikundi cha vijana saba walikodi ekari 12 za mahindi. Wakaazima planta ya kufungwa kwenye pawatila. Mimi ndiye niliyewashauri: mstari hadi mstari sentimita 75, mche hadi mche sentimita 25, mbegu moja moja. Kwa hesabu hiyo ekari inabeba zaidi ya miche 21,000. Wakapanda siku mbili tu, mvua ikiwa imekaa vizuri. Tulishangilia.

Siku kumi baadaye nikaitwa. Shamba lilikuwa na mapengo. Mahali pengine unapiga hatua mbili hujaona mche, pengine miche mitatu imebanana kama abiria wa daladala. Nikasimama pale na kofia yangu ya serikali, nikasema kwa sauti ya kujiamini, "Mbegu hii ina tatizo. Haijaota."

Dada mmoja wa kikundi akachuchumaa, akafukua kwenye pengo kwa vidole. Akafukua la pili, na la tatu. Akaniangalia. "Bwana shamba, mbegu iliyokataa kuota si ingekuwa imeoza humu humu? Mbona humu hamna kitu?"

Alikuwa sahihi. Mbegu haikukataa kuota. Haikudondoka kabisa. Tulipima mita kumi za mstari, ambapo tulitakiwa kupata miche 40. Tukahesabu 26. Ikabidi warudishie kwa mkono, na ile miche ya kurudishia ikakulia kwenye kivuli cha wakubwa zake. Mnajua wenyewe mahindi ya namna hiyo yanavyovunwa. Pesa ya kukodi shamba walikuwa wamekopa.

Jioni ile niliazima venia kalipa kwa fundi wa pikipiki. Kipenyo cha tundu la sahani ya planta: milimita 10.5. Urefu wa punje nyingi kwenye mfuko ule wa mbegu: milimita 11 hadi 12. Punje kubwa zilikuwa zinakaa juu ya tundu bila kuingia, na zile ndogo zinaingia mbili mbili. Kupima kote kulinichukua dakika tano. Dakika tano ambazo ningezitumia kabla ya mvua, lile jambo lisingetokea.

Kwa nini sahani ndiyo kila kitu

Kwa ambaye hajawahi kufungua planta: chini ya pipa la mbegu kuna sahani bapa yenye matundu kuzunguka ukingo wake. Gurudumu la ardhini linaizungusha. Kila tundu linachukua punje moja, linaipeleka kwenye bomba, inadondoka. Hesabu yake ni nyepesi. Planta ile, sahani ilikuwa inamaliza mzunguko mmoja kila inapotembea mita 4. Ikiwa na matundu 16, mbegu inadondoka kila sentimita 25. Ukitaka sentimita 20, unahitaji matundu 20. Ukitaka maharage kila sentimita 10, matundu 40.

Tundu linatakiwa lipite punje kubwa kidogo tu. Likizidi sana, punje zinaingia mbili. Likibana, punje haziingii au zinavunjika. Na punje za mahindi hazifanani mfuko kwa mfuko. Kuna bapa, kuna za mviringo, kuna kubwa na ndogo. Sahani iliyokuja na planta kutoka nje ya nchi ilitengenezwa kwa punje za watu wengine.

Tulipotafuta sahani nyingine, tukaambiwa mjini tuagize seti nzima na tusubiri. Fundi mmoja akajitolea kutoboa matundu kwa drili ya mkono. Moyo wake mzuri, lakini matundu hayakulingana nafasi, na nafasi ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Mashine ya mezani

Hapo ndipo nilipoanza kujenga mashine yangu ndogo ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Msidhani ni jambo la jana. Mwaka 1952, pale chuo cha MIT nchini Marekani, walionesha mashine ya kuchonga inayofuata maagizo ya namba yaliyotobolewa kwenye utepe wa karatasi, na mitambo ya kuiongoza ilikuwa mikubwa kweli kweli. Leo ubongo wake ni kibao cha Arduino kinachoenea kiganjani, chenye programu ya bure iitwayo GRBL. Kuchora, natumia FreeCAD, nayo ni ya bure.

Mimi niliunga fremu ya vyuma vya alumini, mota tatu zinazokwenda kwa hatua, parafujo ndefu tatu, na mota moja ya kuzungusha biti. Nikadhani nimemaliza. Kumbe ndio shule ilikuwa inafunguliwa.

Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Mota yangu inapiga hatua 200 kwa mzunguko. Kiendeshi kinaigawa kila hatua mara 16. Parafujo inasogea milimita 8 kwa mzunguko. Kwa hiyo 200 mara 16, gawa kwa 8, ni hatua 400 kwa milimita moja. Nikaandika 400 nikijisifu. Nikachonga mraba wa milimita 50, ukatoka milimita 100! Kumbe kiendeshi nilikuwa nimekipanga kigawe mara 8, si 16. Mashine haikukosea. Ilifanya kile nilichoiambia.

Somo la pili lilikuwa joto. Plastiki yangu ya kwanza ilikuwa ubao wa jikoni wa kukatia nyama, na mama watoto hajausahau mpaka leo. Nikaweka biti ya mdomo mmoja, mizunguko 12,000 kwa dakika, na mwendo wa milimita 150 kwa dakika, nikidhani polepole ndio usalama. Plastiki ikayeyuka, ikajiviringisha kwenye biti kama ubuyu wa kupikwa. Fanya hesabu uone: kila mzunguko biti ilikuwa inasogea milimita 0.0125. Haikuwa inakata, ilikuwa inasugua. Nikashusha mizunguko hadi 10,000 na kupandisha mwendo hadi milimita 1,000 kwa dakika, yaani milimita 0.1 kila mzunguko. Chenga zikaanza kuruka nzima nzima, zikiondoka na joto lake. Angalia chenga zako: zikitoka kama vumbi au kama ulimbo, ongeza mwendo au punguza mizunguko.

Somo la tatu lilikuwa pleyi. Matundu yalitoka kama yai. Upande mmoja milimita 12.8, upande mwingine 12.4. Parafujo ilikuwa na mlegeo. Mota ikigeuza mwelekeo, inazunguka kidogo kabla meza haijasogea. Nikaweka nati mbili zenye springi katikati ili zibane pande zote, mlegeo ukapungua.

Na la nne, umeme. Ulikatika sahani ikiwa imebaki matundu matatu. Uliporudi, mashine haikujua iko wapi. Nikaisogeza kwa jicho, nikaendelea. Sahani ikaharibika. Siku hizi kabla ya kuanza natoboa kitundu kidogo katikati ya kazi, kama alama ya sifuri ya kurudia.

"Mafundi wapo, mkulima ahangaike nini?"

Swali hili naulizwa sana, na si la kijinga. Mkulima ana kazi zake. Jibu langu ni kwamba fundi hajui unapanda nini. Anajua kukata. Wewe ndiye unayejua punje yako ina urefu gani na unataka nafasi gani. Ukimpelekea sahani mbovu ukamwambia "nitengenezee kama hii", atakutengenezea mbovu mpya. Ukimpelekea mchoro wenye vipimo, hata kama mashine ni yake, kazi ni yako.

Na ndiyo maana nasema usikimbilie kununua mashine. Naona vijana wameanza kuvutiwa na video, anatuma pesa, mzigo unafika, unakaa chini ya kitanda. Mimi yangu ilinimeza karibu laki tisa mpaka ilipochonga kitu cha maana, na usiku mwingi ambao sikuuhesabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe kunaanzia kwenye venia kalipa. Nunua hiyo kwanza. Jifunze kuisoma. Kisha jifunze kuchora. Ukishaweza hayo mawili, nusu ya shida yako imekwisha hata kama hujagusa mashine.

Mashine iwe ya kikundi. Kikundi kimoja hakihitaji zaidi ya moja. Anayetaka ufundi wa kweli, vyuo vya VETA vinafundisha ufundi mitambo, SIDO wako karibu mikoa yote, na CAMARTEC pale Arusha kazi yao ni zana za kilimo. Nenda ukaulize, kuuliza si ujinga.

Mipaka yake

Nisiwadanganye. Mashine ya mezani inachonga plastiki na mbao vizuri, alumini kwa uangalifu, kidogo kidogo. Chuma kigumu kinaitikisa mpaka biti inakatika. Usithubutu kuchonga nayo shafti, pini ya kuvutia tela, wala blade ya pawatila. Kitu kinachobeba mzigo mzito au kinachozunguka kwa nguvu kikivunjika kinaua mtu. Hicho nunua, au peleka karakana yenye mashine na chuma sahihi.

Vaa miwani kila mara. Usivae glavu karibu na biti inayozunguka, itashika glavu na mkono pamoja. Mikono mirefu, kanga na nywele, funga. Chenga ondoa kwa brashi, mashine ikiwa imesimama. Na kitufe cha dharura kiwe mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta.

Pia si kila pengo shambani ni kosa la sahani. Ukiendesha pawatila mbio, matundu hayapati muda wa kujaa. Bomba likiziba tope, mbegu haitoki. Kabla ya kuchonga chochote, punguza mwendo na safisha bomba, kisha pima upya.

Msimu uliofuata

Niliwaita wale vijana saba na kuwaambia ukweli: mbegu ile haikuwa na kosa, nilisema haraka kabla sijapima. Wanne walirudi kulima nami. Watatu hawakurudi, na siwalaumu. Tulipima punje za mfuko mpya, tukachonga sahani ya matundu 16 ya milimita 13, tukaipitisha planta mita kumi kwenye uwanja mgumu, mara tatu. Tulitarajia punje 40. Tukapata 38, 41, na 39. Haikuwa kamili, ila shamba lile ukilitazama kutoka barabarani ulikuwa unaona mistari.

Yule dada aliyefukua kwa vidole ndiye anayeshika mashine sasa. Michoro yake imenizidi. Juzi alinirudishia sahani niliyoichora mimi, akaniambia, "Bwana shamba, umepima punje ngapi?" Nikasema kumi. Akasema, "Rudi, pima hamsini."

Basi na nyie nawapa kazi hiyo hiyo. Wiki hii, kabla mvua haijakaribia, chukua punje 50 za mfuko utakaopanda, si wa mwaka jana. Pima urefu wa kila moja, andika. Fungua planta, pima tundu la sahani. Kisha isukume mita kumi kwenye ardhi ngumu, uhesabu zilizodondoka. Kama namba hazikubaliani, una muda wa kurekebisha. Mvua ikishaanza, muda huo huna.

Kazi njema, na tukutane shambani.