Jiko la Gesi la Mgahawa Lisiwashwe Kabla ya Kukaguliwa

Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Sehemu kubwa ya umeme wa Zambia hutokana na maji, na mwaka ule Ziwa Kariba lilipungua hata mgawo wa umeme ukawa wa kutwa kucha. Kukaa kando ya Ziwa Mweru hakumwokoi mtu na mgawo wa gridi ya taifa. Ndiyo maana mwenye mgahawa wa Nchelenge au Kashikishi, miji ya kando ya ziwa hilo, akichoshwa na jiko la umeme lisilowaka na moshi wa mbaula (jiko la makaa), huanza kuulizia bei ya mtungi wa gesi.

Na aulizie. Gesi hupika upesi, haina masizi, na haimalizi miti. Tanzania nayo ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Anayesema gesi ni shetani hajawahi kuamka alfajiri kupuliza makaa yenye unyevu.

Lakini jiko la mgahawa si jiko la nyumbani lililokuzwa. Nyumbani moto huwashwa kwa saa mbili tatu. Mgahawani huwaka tangu chai ya asubuhi hadi nshima (ugali) ya usiku, chini ya sufuria nzito inayosongewa kwa nguvu za mikono miwili hata jiko lenyewe husogea, na mpira wa gesi huvutwa nalo. Kosa hufanyika dukani, kabla hata ya kufika jikoni. Mnunuzi humaliza fedha yote kwenye jiko linalong'aa, kisha kwa chenji iliyobaki hununua mpira wowote na regulata yoyote. Wako hata wanaochukua mpira wa kumwagilia bustani! Gesi huula mpira wa namna hiyo taratibu, ukapasuka siku ambayo hakuna anayeutazama.

Regulata, yaani kidhibiti cha shinikizo la gesi, yastahili kutazamwa kwa macho mawili. Nyuma ya jiko pana kibati chenye maandishi madogo yanayotaja shinikizo la gesi ambalo jiko lilitengenezewa. Majiko mengi ya kawaida hutaka milibari 30 hivi. Majiko makubwa ya sufuria za taasisi huweza kutaka shinikizo la juu zaidi. Namba ya kibati na ya regulata zisipopatana, moto utaruka hadi usoni pa mpishi, au utakuwa wa njano, dhaifu, wenye masizi. Kusoma kibati hakugharimu ngwee moja.

Halafu pana suala la mtungi ukae wapi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa; ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni ikajaa kwenye mashimo, mifereji na chini ya meza. Lita moja ya gesi iliyo katika hali ya maji, yaani kama nusu kilo tu, hugeuka zaidi ya lita 200 za mvuke. Kwa kuwa mvuke huo huweza kuwaka ukifikia asilimia 2 tu ya hewa, nusu kilo hiyo yatosha kukiandaa chumba cha mita mbili kwa mbili unusu kilipuke. Mtungi mkubwa wa mgahawa una kilo 48. Basi mahali pake ni nje, ukiwa wima, juu ya sakafu ngumu, ndani ya kizimba cha nondo kinachopitisha hewa, mbali na dirisha na mfereji. Bomba la chuma au shaba liingie ukutani, mpira uwe mfupi tu wa kufikia jiko, na koki ya kufungia iwe mahali mpishi anapoifikia bila kupitisha mkono juu ya moto.

Nchelenge ina hatari zake mbili. Upepo wa ziwa huzima moto, na mpishi hujibu kwa kufunga mlango na dirisha. Hapo amefanya jambo baya kuliko upepo: amezuia hewa, na moto usio na hewa ya kutosha huzaa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Dawa ni kuliwekea jiko kinga ya upepo na kuacha matundu wazi, mengine chini karibu na sakafu, mengine juu. Hatari ya pili ni umeme wenyewe. Unaporudi baada ya saa nyingi za giza, friji na swichi zake huweza kutoa cheche bila mtu kugusa kitu. Kama gesi imevuja usiku kucha karibu na friji hiyo, ZESCO, shirika la umeme, imewasha kiberiti.

Je, haya ni maneno ya kutisha watoto? Tarehe 21 Juni 2023, katika mji wa Yinchuan nchini China, wafanyakazi wa mgahawa wa nyama choma walisikia harufu ya gesi kama saa moja kabla ya mlipuko. Waliona vali ya mtungi ni mbovu, mmoja akaenda kununua mpya, na wakati wa kuibadilisha mgahawa ukalipuka. Watu 31 walikufa. Walijua kuna uvujaji, wakaendelea kuhudumia wateja. Na Embakasi, Nairobi, kituo cha gesi kilicholipuka usiku wa Februari 1, 2024 kilikuwa kimenyimwa kibali mara tatu mwaka uliotangulia. Katika visa vyote viwili onyo lilitangulia moto.

Kwa hiyo neno liwafikie wenye migahawa wa Nchelenge, Kashikishi na Chiengi. Uvuvi wa Mweru hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, na biashara hupoa. Wautumie msimu huo kutoboa matundu na kujenga kizimba. Gesi wanunue kwa muuzaji mwenye leseni ya Bodi ya Kudhibiti Nishati, na huyo ndiye wamwombe fundi aliyesomea kazi. Fundi akimaliza asilipwe kwanza. Mwenye mgahawa achovye sponji katika maji ya sabuni, apake kila kiungo kuanzia vali ya mtungi hadi jikoni, gesi ikiwa imefunguliwa na moto umezimwa, na atazame. Povu likivimba, kiungo kinavuja. Kikazwe na kupakwa tena. Kisha awashe moto, auzime kwa kuupuliza, asikilize: jiko lenye kinga ya moto kuzimika litajikatia gesi lenyewe, kwa mlio mdogo, ndani ya dakika moja hivi. Wapishi wafundishwe kufunga vali ya mtungi kila usiku, na maelekezo yabandikwe ukutani kwa Kibemba, na kwa Kiswahili pia kwa ajili ya waliovuka kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo. Jiko lisilopita majaribio hayo lirudishwe dukani, na wateja wale nshima ya mbaula wiki moja zaidi.