Viraka Vinavyoikusanya Nyumba



Ndugu wasomaji, kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, sisi tulio katika kamati za misikiti hupokea mafurushi ya nguo kutoka majumbani. Ni jambo jema, na wanaolifanya Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini tunapoyafungua mafurushi hayo hukuta nguo za aina mbili: zile ambazo mtu anaweza kuzivaa akatoka mbele za watu, na zile ambazo aliyezileta mwenyewe asingekubali kupewa. Hizi za pili hatuzigawi, kwani tumefundishwa tusitoe sadaka kitu ambacho sisi tungekipokea kwa kukunja uso. Kanga iliyochanika mji huku pindo zake zingali nzima, kanzu iliyolika shingoni, shuka lililochakaa katikati: vitu hivi havifai kupewa maskini, wala havistahiki kutupwa jalalani. Ndiyo maana wiki hii tumependa kuzungumzia kazi ya mkono inayovifaa, nayo ni kushona mfarishi wa viraka.

Mfarishi tunaoukusudia ni tandiko au shuka zito la kujifunikia, lililoundwa kwa vipande vya nguo kuukuu vilivyopangwa na kushonwa pamoja hadi vikawa kitu kimoja. Kuna watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu wenye baridi yao. Si kweli. Kule Bengali, wanawake, wakiwemo Waislamu, wamekuwa kwa vizazi vingi wakipanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka na kuzishikiza kwa mishono midogo, na hata uzi wenyewe huuchomoa katika pindo za sari hizo. Na kuna jamaa zetu wa karibu zaidi. Katika misitu ya jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao wengi wa wazee wao walivushwa bahari kama watumwa. Miongoni mwao wamo Waislamu, Wahindu na Wakristo. Akina mama wa jamii hiyo hushona mfarishi uitwao kawandi, na namna yao ya kushona ni nyepesi kiasi kwamba nyumba yoyote yenye sindano na mkasi inaweza kuifuata.

Huanza kwa kutandaza kitambaa kimoja kipana cha chini. Kwao ni sari kuukuu; kwetu kanga moja inatosha kwa mfarishi wa mtoto. Kisha hushika pembe moja na kuanza kuweka viraka juu yake, wakikunja ukingo wa kila kiraka ndani na kukipiga bandi kwa mkono, sindano ikipenya matabaka yote. Kiraka kinachofuata hulalia kidogo kile kilichotangulia. Mshona huendelea kuzunguka kando zote nne, mstari baada ya mstari, akisogea kidogo kidogo hadi afike katikati. Hakuna kupima wala kuchora, na cherehani haihitajiki. Mwisho, katika kila pembe, hushonewa vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, wanavyoviita phula, yaani ua. Kwao mfarishi usio na maua hayo ni kama mtu aliye uchi, kazi haijakamilika.

Mkono wa mtu wa pwani si mgeni wa kazi ya namna hii. Kofia ya mkono, kama zile zinazoshonwa Unguja na Lamu, ni vitambaa viwili vilivyoshikamanishwa kwa mishono myembamba isiyohesabika. Aliyewahi kumwona bibi yake akiinamia kofia anajua kuwa subira ya kazi hiyo ipo katika damu yetu. Tunachohofia ni kwamba wanaoijua wanazeeka, na vijana wetu wa kike kwa wa kiume hawajui hata kutunga uzi kwenye sindano.

Basi furaha yake iko wapi? Kwanza, ni kazi isiyo na haraka. Mfarishi hauna siku ya kukabidhiwa. Baada ya Isha, vyombo vikishaoshwa, mtu hushona mstari mmoja au miwili kisha akakunja. Pili, ni kazi inayoruhusu mazungumzo. Simu humfunga kila mtu katika dunia yake ingawa wamekaa mkeka mmoja; sindano hushughulisha macho na vidole lakini humwachia mtu masikio na ulimi. Mtoto akiokota kipande na kuuliza, "Hii ilikuwa nguo ya nani?", hapo simulizi ya ukoo imeshaanza: hii ilikuwa kanga ya arusi ya shangazi yako, hii ni kanzu ya babu aliyokuwa akiendea Ijumaa. Tatu, bibi ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuingia jikoni bado vidole vyake vina kazi, na wajukuu wanamhitaji kwa jambo ambalo hawalipati kwingine.

Tusidhani pia kuwa hii ni kazi ya mabinti peke yao. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, katika aliyoyataja ni kushona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Na Anas (r.a.) amepokea kwamba alimwona Umar (r.a.), akiwa Amirul-Muuminina, nguo yake ina viraka vitatu baina ya mabega, kimoja juu ya kingine. Ikiwa kiraka hakikumshusha Umar, hakitamshusha kijana wetu akikishona kwa mkono wake.

Hata hivyo, yako mambo matatu yanayohitaji uangalifu.

La kwanza ni israfu. Wapo wanaoipenda kazi hii wakaenda dukani kununua doti za kanga mpya ili wazikatekate. Huko ni kuugeuza mlango wa kubana matumizi ukawa mlango wa kufuja mali. Mfarishi wa viraka uliumbwa na uhaba. Anzeni na kilichomo sandukuni, kisha mwombeni fundi wa mtaani mabaki yake.

La pili ni maandishi. Kanga zetu zina majina, na baadhi yake yametajwa jina la Mwenyezi Mungu. Kipande hicho kisiwekwe katika tandiko la kulalia au kukanyagwa. Kikatwe na kuhifadhiwa kwa heshima.

La tatu ndilo zito zaidi. Mama anapofariki, mara nyingi binti mmoja hutamani kuzikusanya kanga zake na kuzifanya mfarishi wa kumbukumbu. Nia ni njema, lakini nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi, hata zikiwa kuukuu. Tumewahi kushuhudia ndugu wakinuniana, si kwa shamba wala nyumba, bali kwa kanga moja iliyokatwa kabla dada aliye mbali hajarudi. Kanga ile thamani yake sokoni ilikuwa ndogo. Kwa dada yule ilikuwa ndiyo harufu ya mama iliyobaki. Mkasi ukishapita haurudi nyuma. Kwa hiyo warithi wote waulizwe kwanza, na waridhie. Na ikiwa miongoni mwao kuna watoto wadogo, ridhaa yao haihesabiki kwa kuwa hawajafikia umri wa kuitoa; nguo hizo zithaminiwe, na mkubwa anayezitaka azichukue katika fungu lake. Hapo ndipo mfarishi utakapokuwa wa kuwaunganisha ndugu. Na ikiwezekana, kila mmoja ashone pembe yake.

Ndugu msomaji, mafurushi ya Ramadhani tunaendelea kuyapokea, na zilizo nzima tuleteeni. Zilizochanika zibakizeni. Fueni, kateni palipo pazima, itandazeni kanga moja sakafuni, kisha muiteni bibi aonyeshe mshono wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.