Gari imekwisha kabisa, asiransi inataka kulipa nusu: mkaaji wa Mugunga abishe namna gani?

Kila mutu anayekaa Mugunga anajua barabara ya kwenda Sake: lori za mizigo, taksi, motari na watoto wa shule, wote kwenye njia moja. Ajali ikifika, gari inaweza kuvunjika mpaka garaji inasema haitengenezeki tena. Kwa mwenye gari ya kazi, ile siku ni kama kufiwa. Gari njo ilikuwa inalipa kodi ya nyumba, masomo ya watoto na deni la likelemba. Anabaki na tumaini moja: asiransi. Kisha kampuni inamuita, inamuonyesha karatasi, na makuta iliyoandikwa pale ni kidogo kuliko alivyofikiri.

Je, ni wizi? Mara nyingine kampuni iko na haki, mara nyingine hapana. Ili kujua, lazima tufungue ile hesabu.

Kwanza, uko na kontra gani?

Watu wengi wanalipa asiransi ya lazima tu, ile polisi wa barabarani wanauliza. Hiyo inalipa watu wengine uliowaumiza ao mali yao uliyoharibu. Gari yako mwenyewe haimo. Ni vilevile kwa karatasi ya manjano ya COMESA ambayo wenye kuvuka kwenda Rwanda ao Uganda wanaijua: inalinda wale utakaowagonga kule, hailipi gari yako.

Ili ulipwe gari yako, kuko njia mbili. Ya kwanza, kontra yako iwe inalinda gari yenyewe, ile Wafaransa wanaita « tous risques ». Ya pili, kosa liwe la mwengine, na asiransi yake ndiyo ikulipe. Kwa njia zote mbili, karatasi ya polisi inayoeleza ajali, ile « procès-verbal », ni ya lazima. Bila hiyo, hata mabishano hayaanzi.

Hesabu inavyopunguka

Tuchukue mfano. Papa mmoja aliandikisha taksi yake kwa dola 7.000. Ajali inatokea, gari imekwisha, kampuni inasema: tutakulipa dola 3.700. Zile 3.300 zimeenda wapi?

Kontra zetu zimeandikwa kwa Kifaransa, basi tuyataje maneno kama yalivyo. La kwanza ni « valeur vénale », ni kusema bei ambayo gari ingeuzwa siku moja mbele ya ajali. Mtaalamu wa kampuni anasema gari ilikuwa imezeeka, bei yake ni 5.600. La pili ni « franchise », sehemu ambayo mwenye gari anabeba mwenyewe: 400. La tatu ni « épave », mabaki ya gari. Kampuni inasema: baki na mabaki, tunayahesabu dola 1.500. Toa 400, toa 1.500, inabaki 3.700.

Katika ile hesabu, franchise ni vigumu kuibisha kama iko kwenye kontra uliyotia sahihi. Lakini zile mbili zingine ni maoni ya mutu. Na maoni ya mutu yanajibiwa na ushahidi.

Pa kubisha

Anza na bei ya gari. Omba kopi ya ripoti ya mtaalamu, usikubali kuambiwa kwa mdomo tu. Angalia kama ameandika vizuri mwaka wa gari, kilometa, hali ya ngini. Kisha tafuta bei ya Goma, si ya Kinshasa wala ya Japani. Gari inayofika hapa imepita Mombasa ao Dar es Salaam, imelipiwa usafiri na ushuru. Uliza kwa wauzaji watatu wa hapa mjini, kila mmoja akuandikie bei ya gari ya aina moja na mwaka mmoja. Ongeza faktire za garaji: ukiwa ulibadilisha ngini mwaka jana, gari yako haiko sawa na ile haikuguswa.

Kisha mabaki. Hapa watu wengi wanapoteza bila kujua. Kama kampuni inasema mabaki ni dola 1.500, na mafundi wote wa garaji wanakupa 800 tu, iambie kampuni: basi chukueni ninyi hayo mabaki, munilipe pesa kamili. Katika mfano wetu, Papa angepokea 5.200. Kama wanakataa kuyachukua kwa ile bei wao wenyewe waliyoandika, ni alama kwamba bei ilipandishwa.

Musipopatana, unaweza kuomba mtaalamu wa pili, « contre-expertise ». Kwa kawaida unamlipa mwenyewe, basi pima kwanza: kwa tofauti ya dola 200 haina faida, kwa 1.500 inaweza kuwa na faida.

Jambo kubwa kuliko yote: usitie sahihi haraka. Karatasi yenye maneno « pour solde de tout compte » inamaanisha umelipwa yote na hautadai tena. Kampuni inajua kwamba mwenye gari hana kazi, kwamba wenye likelemba wanabisha mlangoni. Njaa njo inafanya watu wengi wakubali. Andika barua ya kukataa, eleza sababu, na kopi yako ipigwe muhuri wa mapokezi.

Kisha ya kampuni, unaenda wapi?

Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa na kampuni moja tu, SONAS, ya serkali. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na kampuni za watu binafsi zilianza kupewa ruhusa mwaka 2019. Kuko pia ARCA, mamlaka inayosimamia kampuni za asiransi na kulinda haki za wateja. Lakini ARCA iko Kinshasa. Na tangu mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifungwa na njia ya kwenda Kinshasa ikawa ndefu zaidi. Malalamiko yanaweza kuandikwa, lakini mkaaji wa Mugunga asitegemee kwamba jibu litakuja kesho. Ndiyo maana barua na ushahidi wa mwanzo, hapa hapa, ni vya maana sana.

Tuseme pia wazi: karibu kila kontra ya asiransi inatoa vita nje. Mabomu yalianguka kwenye kambi za Mugunga tarehe 3 Mei 2024. Gari iliyoharibiwa namna hiyo kwa kawaida hailipwi. Volkano pia, kama ile ya Mei 2021, mara nyingi inatolewa nje isipokuwa uliiomba na kuilipia.

Kazi ya leo

Sehemu kubwa ya mabishano haya inaamuliwa mbele ya ajali. Ukiandika bei ndogo ili ulipe kidogo, hautapita ile bei. Ukiandika kubwa sana, unalipa zaidi kila mwaka na haupati zaidi, kwa sababu asiransi inarudisha hasara, haitajirishi. Kila unapofanya upya kontra, rekebisha bei. Uliza pia kama kampuni inakubali « valeur agréée », bei mliyopatana mapema, ambayo inapunguza mabishano kisha ya ajali. Piga gari picha, na weka karte roze, faktire na kontra nje ya gari. Karatasi zilizobaki ndani ya gari zinaweza kupotea pamoja nayo siku ile unazihitaji.