Kipya Kinyemi? Kifue Kwanza

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sisi watu wa Kasongo tumeushika mwanzo wa methali, kidonda tumewaachia wengine. Nenda soko kuu wiki moja kabla ya Idi au Noeli, utajionea. Mwalimu ambaye hajui mshahara wake utafika lini analipita lundo la mitumba pua juu, kama mtu anayepita nyuma ya choo, mpaka kwenye kibanda cha nguo zinazong'aa ndani ya plastiki. Muulize, atakujibu kwa sauti ya kusikiwa na majirani: "Mimi navaa kipya." Mkewe atakifua kipya hicho mara tatu. Mara ya nne kitapangusia meza.

Imani hiyo, kwamba nguo mpya hata ikiwa duni inaishinda nguo nzuri iliyokwisha kuvaliwa, inatumalizia fedha kimyakimya. Nitaishambulia kwa kutumia sweta, tena makusudi, kwa sababu sweta ndiyo vazi ambalo wengi watasema halina kazi kwetu.

Lina kazi. Anayebisha hajapanda pikipiki saa kumi ya alfajiri, mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Ukungu wa bonde la Luama hauulizi kama uko karibu na ikweta. Mpwa wangu ni motari wa njia hiyo, na kila mwaka msimu huo anakohoa kama mzee mvuta kiko. Wapo pia wanaopanda Bukavu kutafuta bidhaa, mji ulio juu kiasi cha mita 1,500 hivi, na wapo vikongwe ambao hata jua la mchana haliwatoshi.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikuwa nimechuchumaa mbele ya belo lililofunguliwa asubuhi hiyo. Belo la kawaida lina kilo 45, limebanwa kwa mashine na kukazwa kwa mikanda, na anayelinunua haoni kilichomo hadi aikate. Mama muuzaji alikuwa amekwisha kutenga alivyoviona vizuri: jinzi, blauzi za maua, jezi za mpira. Sweta zilibaki chini kabisa, nusu zinakanyagwa. Nikavuta moja ya rangi ya majivu. Kwa macho haikuwa na lolote. Lakini nilipoingiza mkono ndani vidole vilipata joto papo hapo, kama mtu aliyepenyeza mkono chini ya kuku anayeatamia. Nikageuza mshono wa ubavuni, nikakuta kilebo kidogo kilichofifia: kashimiri asilimia 100, imefumwa Scotland.

"Mama, hii ya majivu bei gani?"

"Hiyo kuukuu? Papa mwalimu, leta elfu nne tu, uniondolee."

Faranga elfu nne. Hatua kumi kutoka hapo sweta mpya ya akriliki, nyekundu, yenye simba wa dhahabu kifuani, ilikuwa elfu ishirini na tano na mwenyewe hataki kupunguza. Nikampa mama elfu tano. Nilijiona mwizi hata hivyo.

Kashimiri si jina la kampuni, kama wanavyodhani vijana. Ni manyoya laini yanayoota chini ya nywele ngumu za mbuzi wa nchi za baridi kali: Mongolia, kaskazini mwa China, Afghanistan, Iran, na Kashmir yenyewe iliyotoa jina. Baridi inapolegea wafugaji huwachana mbuzi hao kwa vitana vya chuma. Mbuzi mmoja hutoa kama gramu 150 hadi 200 kwa mwaka, na zikisafishwa hupungua tena. Sweta moja inaweza kumaliza manyoya ya mbuzi wanne. Unywele mmoja una unene wa mikroni 19 au pungufu, wakati wa kichwa chako unaweza kufika 70. Mbuzi wetu wa Maniema, Mungu ambariki, ni mtamu kwenye mchuzi, lakini ukimchana kutwa nzima hupati uzi wa kushonea kifungo.

Nyumbani nilifanya jaribio ambalo nawasihi wote walifanye kabla ya kubishana nami. Nilichomoa uzi mdogo kwenye mshono wa ndani wa sweta ya majivu, nikachomoa mwingine kwenye sweta mpya niliyokuwa nimenunua dukani mwaka uliotangulia, ile iliyoviringika vinundu kabla ya mwezi kwisha hadi ikafanana na ngozi ya nanasi. Nikawasha kiberiti. Uzi wa kwanza ulijikunja, ukatoa harufu ya kuku anayebabuliwa manyoya, ukazimika wenyewe. Majivu yake yalisagika kati ya vidole. Wa pili uliyeyuka, ukadondosha tone jeusi, likaganda gumu kama shanga. Kwa hiyo kile kipya changu kilikuwa plastiki. Nilikuwa nimevaa jerikeni, tena kwa bei ya jerikeni tano.

Hapo ndipo ninaposikia jibu linalopendwa kuliko yote: "Lakini mitumba ni nguo za maiti." Hilo si la Kasongo peke yake. Tanzania zamani waliziita kafa Ulaya. Mwaka 2023 Rais Museveni wa Uganda alisema hadharani kwamba ni nguo za wafu, kwamba Mzungu akifa zinakusanywa na kuletwa Afrika, akatangaza kuzipiga marufuku. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mitumba hutoka kwa watu walio hai, wamenenepa, au wamechoshwa na rangi, au wamehama nyumba. Huzitia kwenye masanduku ya misaada, zinachambuliwa, zinauzwa kwa kilo. Kama kila sweta ingekuwa ya marehemu, Ulaya ingebaki makanisa na makaburi.

Na hata ingekuwa ya marehemu? Nani kati yetu hajavaa koti la babu yake? Matanga yakiisha, nguo za aliyetutoka hugawanywa, na anayepewa shati la baba analivaa kwa heshima. Sijasikia mtu wa Kabambare akilikataa koti la mirathi kwa sababu mwenyewe kafa. Tunamwogopa marehemu wa Scotland tu, ambaye hatukumjua wala hatukugombana naye.

Neno lenyewe mtumba tumelionea. Karne ya kumi na tisa, misafara ya kutoka Unyanyembe na Ujiji ilipofika Kabambare, Kasongo na Nyangwe, mtumba ulikuwa robota la nguo mpya kabisa, merikani na kaniki, lililobebwa begani na mpagazi. Hata milima inayotutenga na Tanganyika inaitwa Mitumba. Na babu zetu hawakuwa wajinga wa kitambaa. Walikuwa na viramba vyao vya nyuzi za mwale vilivyozunguka kama fedha, kwa hiyo waliijua nguo kwa vidole. Waingereza walipojaribu kuiga merikani ya viwanda vya Marekani, wanunuzi wa Afrika Mashariki waliendelea kwa miaka kuidai ile ya Wamarekani kwa sababu ilidumu. Kilichokuja kuivunja biashara hiyo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865. Mnunuzi wa enzi za Tippu Tip angeishika ile sweta yenye simba wa dhahabu, akaifikicha, akairudisha.

Nikumbushe jambo moja zaidi, kwa kuwa tunapenda kumtaja Livingstone kila mgeni anapofika. Mwaka 1870 alikwama Kabambare miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu. Mwaka uliofuata, huko Nyangwe, alikuwa ameishiwa karatasi, akaandika shajara yake juu ya gazeti la London la mwaka 1869, kwa wino wa matunda, maneno yake yakikatiza yale yaliyokwisha kuchapwa. Habari za mauaji ya soko la Nyangwe ya Julai 1871 ziliandikwa kwanza juu ya karatasi ya mtumba. Hakuna aliyesema hazina thamani.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Wanasema mitumba imeua viwanda vyetu. Pamba tunaijua Maniema: ililimwa hapa kwa kulazimishwa tangu siku za vita vya kwanza vya dunia, na kampuni ya Cotonco, iliyoanzishwa mwaka 1920, iliinunua kwa bei iliyopangwa huku mkulima akitishwa kwa faini na viboko. Baadaye kulikuwa na viwanda vya nguo, Filtisaf kule Kalemie na Sotexki kule Kisangani. Mitumba ilivibana, sikatai. Ila nani alivuruga makampuni kwa uzairishaji wa mwaka 1973, ule utwaaji wa biashara za wageni? Nani alipora mwaka 1991? Nani aliacha reli ioze, umeme ukatike na vita vipite katikati? Filtisaf imekwisha kunyamaza, na nguo mpya iliyojaza nafasi yake Kasongo haitoki Kisangani. Inatoka China, ni nailoni na akriliki, na ndiyo hiyo unayoinunua ukijidai mzalendo. Siku Sotexki itakaponiletea kitenge cha bei ninayoiweza mpaka Kasongo, nitanunua, na mtumba nitauacha. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 nasikia wasomi wetu wakirudia azimio la mwaka 2016 la wenzetu la kuuondoa mtumba. Wakumbuke na yaliyoipata Rwanda: ilipandisha ushuru wa mitumba, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru.

Silitetei lundo zima. Belo lina takataka nyingi, na hasara humwangukia mama aliyelinunua kwa mkopo. Soksi na nguo za ndani mimi sigusi. Lakini sweta ya sufu au kashimiri ina bahati moja kwetu: muuzaji huipangia bei kwa macho, na macho hayaoni sufu. Anaona rangi, anaona mng'ao, anaona jina kubwa shingoni. Jina la shingoni halina maana, fundi yeyote wa cherehani anaweza kulishona. Ukweli uko kwenye kile kilebo cha ubavuni chenye asilimia. Kwa Kifaransa kitasema "laine" au "cachemire", kwa Kijerumani "Wolle" au "Kaschmir". Kikiwa kimekatwa, bakia na mikono. Iweke shingoni, mahali ngozi haidanganyi. Vuta upindo wa mkono uuachie: ukirudi, sawa, ukibaki umelegea kama mdomo wa mlevi, iache. Inyooshe kuelekea jua utafute matundu ya nondo, hasa kwapani na viwikoni. Ikiwa imekuwa nene na ngumu kama blanketi, imechemshwa, haina dawa. Tundu moja dogo lisikutishe. Liombee bei, kisha fundi alizibe kwa uzi wa mshono wa ndani.

Hata Mzungu mwenye fedha chache siku hizi hana ujanja zaidi ya huo. Mwaka 1990 Mongolia ilikuwa na mbuzi kama milioni 5; leo ni zaidi ya milioni 20, malisho yanaisha, na soko limejaa kashimiri mpya ya bei rahisi, nyepesi, ya nyuzi fupi, inayotoa vinundu upesi. Sweta nzito ya Scotland ya miaka thelathini iliyopita inaishinda. Kwa hiyo mtu wa Brussels anaitafuta kwenye maduka ya nguo kuukuu, na wewe uliyeletewa mpaka miguuni unaikanyaga.

Ukiipata, usiiharibu mwenyewe. Maji baridi, sabuni kidogo ya mche, usiisugue wala kuikamua kwa kuisokota. Ikandamize kwenye taulo, kisha itandaze kivulini juu ya mkeka. Ukiining'iniza kwenye kamba itashuka mpaka magotini.

Ile ya majivu nilimpa mpwa wangu. Aliikataa sebuleni, mbele ya wenzake: "Mjomba, mimi sivai vya marehemu." Alfajiri ya siku ya pili, kabla ya safari ya Kabambare, nilimsikia akigonga dirisha langu, akinong'ona kama mtu anayeomba deni. Nikampitishia. Bado husema ni nguo ya marehemu. Nimeidai mara mbili, na mara zote mbili ameniambia imelowa.