Kabla hujampa mtoto ndege ya kuunganisha, soma hapa

Jumamosi moja asubuhi dada yangu anayeishi Buzuruga, hapa Mwanza, alinipigia simu nikiwa sokoni. Hakusalimia.

"Mdogo wangu, jicho la mtoto limeganda. Halifunguki!"

Nilijua chanzo papo hapo. Wiki mbili kabla, mimi mwenyewe nilimpelekea mwanawe wa miaka 11 boksi la ndege ya kuunganisha: vipande vyembamba vya mbao ya balsa vilivyokatwa tayari, mchoro wa kutandaza mezani, mota ndogo, betri na rimoti. Nilijiona mama mdogo wa maana. Karatasi ya tahadhari iliyokuwa ndani sikuisoma, na mimi ndiye ninayewaandikia ninyi habari za afya kila wiki.

Mtoto alikuwa anabandika mbavu za bawa kwa supagluu. Gundi ikamganda kidoleni, akafikicha jicho, kope zikashikana. Kwenye simu nilimsikia jirani akishauri mafuta ya taa. Mwingine alitaka kope zivutwe kabla gundi haijakauka sawasawa.

"Dada, usiweke kitu chochote zaidi ya maji safi ya uvuguvugu. Usivute. Chukueni bodaboda mwende kituo cha afya sasa hivi."

Walikwenda. Jicho lilikuwa limechubuka juu juu, akapewa dawa, na kope ziliachia zenyewe siku ya tatu. Leo anaona vizuri. Lakini zile siku tatu sikulala vizuri, na ndiyo sababu ya makala hii.

Gundi ikimpata mtoto

Supagluu hukauka inapokutana na unyevu. Ndiyo maana hushika ngozi na jicho kwa sekunde chache tu. Vidole vikishikana, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha viachanishe taratibu kwa kuviviringisha, si kwa kuvuta. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni husaidia kwenye vidole, ila isikaribie jicho wala mdomo.

Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi, usifungue kope kwa nguvu, na umfikishe kwa mtaalamu hata kama mtoto anasema haumii. Jambo jingine ambalo wengi hatulijui: gundi hii ikimwagika kwa wingi kwenye nguo ya pamba hupata joto na inaweza kuunguza ngozi. Kwa hiyo usiipanguse kwa fulana.

Dada alitaka kuichoma

Jioni ile dada alibeba boksi lote hadi jikoni. Kuni nzuri, alisema, nyepesi na kavu. Shemeji, ambaye ni fundi seremala, alimwomba amwonyeshe kwanza ule mchoro.

Aliutazama muda mrefu. Kisha akamuuliza mwanawe, "Hii mbavu ya tatu mbona umeiweka kinyume?"

Niwaambie ukweli: baba na mtoto hawa walikuwa hawaongei sana. Shemeji hutoka alfajiri kwenda karakana, hurudi mtoto akiwa amelala. Mazungumzo yao yalikuwa matokeo ya mitihani, na matokeo yenyewe hayakuwa ya kufurahisha.

Siku iliyofuata shemeji alirudi mapema na chupa ya gundi nyeupe ya mbao. Hii hukauka polepole, haigandishi vidole, na inashika balsa vizuri. Unabana vipande kwa pini juu ya mchoro, unasubiri. Katika kusubiri ndipo maneno yalipoanza kutoka. Mtoto alimweleza baba yake kwamba ubaoni haoni vizuri akikaa nyuma, na amekuwa akiogopa kusema. Walipompeleka kupimwa macho, ikaonekana anahitaji miwani. Hilo halikutokana na gundi. Lilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amekaa naye muda wa kutosha kulisikia.

Mengine ya kuangalia

Vumbi la msasa: pigieni msasa nje na mvae barakoa, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu.

Sumaku: baadhi ya ndege hizi hufungwa mfuniko wa betri kwa sumaku ndogo zenye nguvu. Mtoto mdogo akimeza mbili, zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Ukihisi amemeza, nenda hospitali mara moja, usisubiri azitoe chooni.

Betri: hizi za lithiamu zinaweza kushika moto. Tumia chaja yake tu, si chaja ya simu. Chaji juu ya sakafu ya saruji mkiwa macho, kamwe si kitandani wala usiku mmelala. Iliyovimba isitumike tena.

Pangaboi: likizunguka hukata kidole. Mnapojaribu mota mezani, litoeni kabisa. Siku ya kurusha, washeni rimoti kwanza ndipo muunganishe betri. Mkimaliza, chomoeni betri kwanza, rimoti izimwe mwisho.

Je, ina faida gani?

Dada aliniuliza hivyo hivyo. Nikamkumbusha mwaka 2018, Wingcopter, DHL na GIZ walipojaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani. Kilomita 60 juu ya ziwa zilikatwa kwa wastani wa dakika 40, wakati kwa barabara ni kilomita kama 240 na saa sita. Kanuni zinazoifanya ndege ile iruke ndizo zilizo kwenye meza ya shemeji: iwe nyepesi, mabawa yalingane, na uzito ukae mahali pake. Sisemi kila mtoto wa Buzuruga atakuwa mhandisi. Ninasema haya si mambo ya watu wa mbali.

Ila msikimbilie kurusha. Ilemela ndiko uliko uwanja wa ndege wa Mwanza, na vyombo visivyo na rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Waulizeni kwanza kuhusu usajili na kibali, na msirushe karibu na uwanja wa ndege wala juu ya watu.

Shemeji ameamua kufuata utaratibu, kwa hiyo mota bado haijawashwa hewani. Jumapili iliyopita waliitupa kwa mkono tu, kwenye uwanja mtupu wa shule, kuona kama imekaa sawa. Mara ya kwanza ilinyanyua pua, ikasimama hewani, ikaanguka kwa mkia. Shemeji akabandika sarafu ya shilingi 200 kwenye pua. Mara ya pili ilikwenda hatua kama kumi na tano, ikatua kwenye majani bila kuvunjika.

Mtoto alipiga kelele. Dada, aliyetaka kuifanya kuni, ndiye aliyekimbia kuiokota.

Mzazi, ukileta boksi nyumbani, soma karatasi ya tahadhari. Kisha vuta kiti, ukae naye. Tukutane wiki ijayo.